Mali Bila Daftari: Makabrasha ya Kompyuta na Hatima ya Fasihi Simulizi ya Isiolo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hunasibishwa na wafanyabiashara, lakini katika zama hizi inawahusu mno wanafunzi wa fasihi simulizi. Mali yao si shehena ya nguo wala magunia ya mchele. Ni sauti za wazee, nyimbo za wachungaji, vitendawili vya watoto na masimulizi ya watu ambao baadhi yao hawatakutana na mtafiti mwingine maishani mwao. Mali hiyo hukusanywa kwa jasho, hutiwa katika kompyuta, kisha hupotelea humo humo, pasi na mwizi wala moto.

Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya upotevu huo haitokani na uhaba wa vifaa, kama inavyosemwa mara kwa mara katika semina zetu. Unatokana na kupuuzwa kwa programu moja ambayo tayari imo katika kila kompyuta, isiyonunuliwa wala kupakuliwa. Hiyo ni programu ya kusimamia faili, ambayo makala haya yataiita kisimamizi cha faili. Katika Windows huitwa File Explorer, katika kompyuta za Apple huitwa Finder, na katika simu nyingi za Android hupatikana kwa jina la Files. Wengi huiona kama mlango tu wa kupitia ili kuifikia hati wanayotaka kuifungua. Kwa hakika programu hii ndiyo daftari lenyewe.

Dai la pili ni zito zaidi. Kuzipanga faili za utafiti si kazi ya fundi wa kompyuta. Ni kazi ya kitaaluma, tena ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili hasa, kwa kuwa inahusu kuainisha, kutaja na kuhifadhi muktadha. Ili kuyathibitisha madai hayo, mfano utatolewa wa utafiti wa nyanjani katika Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya.

Isiolo na wingi wa sauti

Mji wa Isiolo uko takribani kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, katika barabara kuu iendayo Moyale. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Idadi hiyo si kubwa, lakini ndani yake mna Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali na Wasakuye, bila kuwataja waliohamia kutoka kwingineko kwa biashara na kazi. Sokoni, misikitini, makanisani, katika mnada wa mifugo na katika vituo vya matatu, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hali hiyo ni neema na mtihani kwa pamoja. Ni neema kwa sababu katika safari moja mtafiti anaweza kusikia nyimbo za kunywesha mifugo, sifa ambazo mwanamume wa Kiturkana humwimbia fahali wake, na ngano ileile ikisimuliwa kwa lugha mbili. Ni mtihani kwa sababu kila kipande kina lugha yake, mahali pake, mtendaji wake na hadhira yake. Anayetoka mjini Isiolo akapitia Kinna na Garba Tulla hadi Sericho, au akaelekea Merti ama Oldonyiro, hurejea na makumi ya rekodi, picha na hati. Iwapo hakuziwekea daftari angali nyanjani, baada ya miezi sita hataweza kutofautisha wimbo wa harusi uliorekodiwa Merti na ule wa Kinna, hasa kama lugha ya wimbo si lugha yake mwenyewe.

Sauti isiyo na mwenyewe

Na tuitazame hali ilivyo. Leo rekodi nyingi hufanywa kwa simu ya mkononi. Programu ya kurekodia huipa faili jina la namba tupu au neno la jumla kama vile rekodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikiwa sauti imetumwa kwa WhatsApp, jina lake huwa mfano wa PTT-20190312-WA0003. Kutoka katika jina hilo mtu anaweza kubashiri tarehe, yaani tarehe 12 Machi 2019, lakini tarehe hiyo ni ya ujumbe, si lazima iwe ya utendaji. Nani aliimba? Wapi? Kwa sababu gani? Jina halisemi.

Hapa ndipo inapofaa kukumbusha jambo moja ambalo wengi husahau. Hati iliyoandikwa hujieleza yenyewe ikifunguliwa. Aidha, kisimamizi cha faili kinaweza kutafuta maneno yaliyomo ndani ya hati hiyo. Faili ya sauti haina fadhila hiyo. Kisimamizi cha faili hakisikilizi. Kwake, dakika arubaini za masimulizi ya ajuza na dakika arubaini za kelele za lori ni kitu kimoja, ikiwa majina yao hayatofautiani. Kwa hiyo katika fasihi simulizi jina la faili ndilo mshiko wa pekee. Likikosekana, sauti ipo lakini haina mwenyewe.

Upande wa hati nako hakuna nafuu. Ni nani katika idara zetu asiyeyajua majina kama "tasnifu mwisho", "tasnifu mwisho kabisa", "tasnifu mwisho ya kweli" na "tasnifu ya msimamizi mpya"? Majina hayo huchekesha hadi siku mwanafunzi anapompelekea msimamizi wake toleo la miezi mitatu iliyopita, au anapoyafuta masahihisho ya wiki nzima akidhani ni nakala ya ziada. Wafugaji wa Isiolo huyapiga mafahali na ngamia wao chapa ili mnyama atambulike hata akichanganyika na kundi la wengine. Mtafiti huachilia kundi lake lote bila chapa, kisha hushangaa likipotea.

Kabrasha ni nadharia

Inasemekana kwamba kutengeneza kabrasha, au folda kama wengi wanavyoliita, ni jambo jepesi: bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, andika jina, basi. Kulitengeneza ni kwepesi kweli. Ugumu uko katika kuamua liitwe nani.

Chukulia mtafiti mwenye rekodi hamsini kutoka Isiolo. Azipange kwa utanzu, yaani kabrasha la nyimbo, la ngano, la vitendawili na la methali? Au kwa mahali? Au kwa jamii? Au kwa mtendaji? Wengi huchagua utanzu kwa mazoea ya darasani. Matokeo yake ni nini? Mtambaji anayesimulia ngano huingiza wimbo katikati, akafungulia kwa vitendawili na akafungia kwa methali. Mtafiti akiikata rekodi hiyo vipande vinne na kuvitupa katika makabrasha manne, ameuvunja utendaji uliokuwa kitu kimoja. Wimbo uliokuwa kilio cha mhusika katika ngano umegeuka wimbo tu. Mwaka unaofuata, mwanafunzi mwingine atauchambua kama wimbo wa huzuni wa jamii fulani, asijue kwamba aliyekuwa akiimba ni sungura!

Tatizo hili si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba uainishaji uzingatie umbo pamoja na muktadha wa utendaji, na mjadala wa mipaka ya tanzu umeendelea tangu hapo. Lakini wanafunzi wanaoutetea muktadha kwa ufasaha katika mtihani ndio hao hao wanaoufuta katika kompyuta zao kwa namna wanavyopanga makabrasha. Mpangilio wa makabrasha ni nadharia, hata kama aliyeupanga hakuitaja.

Njia bora ni kulifanya tukio la utendaji kuwa kipimo cha kabrasha. Kila kikao kiwe na kabrasha lake moja. Humo ndani ziwekwe rekodi asilia isiyoguswa, maandishi ya yaliyosemwa, tafsiri yake kwa Kiswahili, picha ikiwa ziliruhusiwa, na hati fupi ya maelezo: nani walikuwepo, ilikuwa saa ngapi, hadhira ilifanya nini, kwa nini wimbo uliimbwa. Hivyo kikao hubaki kizima.

Je, anayetaka kuziona nyimbo zote za kaunti kwa mpigo atafanyaje? Hapa ndipo kisimamizi cha faili kinapoonyesha thamani yake. Ikiwa neno "wimbo" limo katika jina la kila faili ya wimbo, mtafiti hufungua kabrasha kuu, huliandika neno hilo katika kisanduku cha kutafutia, na nyimbo zote hujitokeza kutoka katika kila kabrasha, bila hata moja kuhamishwa kutoka mahali pake. Akiandika "merti" badala yake, hupata kila kilichorekodiwa Merti. Kabrasha huhifadhi muktadha na jina huhifadhi utanzu. Mgogoro ambao rafu ya maktaba haikuweza kuutatua, kwa kuwa kitabu kimoja hakiwezi kukaa rafu mbili, hutatuliwa hapa kwa neno moja.

Jina la faili na sarufi ya Kiswahili

Jina zuri la faili lina mpangilio usiobadilika. Mfano mmoja unaofaa ni huu: 2024-08-17_merti_wimbo_M03_01. Linaanza na tarehe, likafuatiwa na mahali, utanzu, msimbo wa mtendaji na namba ya kipande. Kila sehemu ya mfano huo ina sababu yake.

Kwanza ni tarehe. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Kompyuta inapopanga majina husoma kutoka kushoto, kwa hiyo faili ya 05-01-2024 itatangulia ile ya 12-08-2023, ilhali ilirekodiwa miezi kadhaa baadaye. Mwaka ukitangulia, mpangilio wa majina na mpangilio wa wakati huwa kitu kimoja. Wako watakaosema kwamba kisimamizi cha faili kina safu ya tarehe tayari. Ni kweli, lakini safu hiyo hudanganya. Faili ikinakiliwa kutoka kwenye simu hadi kwenye Windows, tarehe ya kuundwa huwa siku ya kunakiliwa, na tarehe ya kurekebishwa hubadilika mara tu mtafiti anapoihariri faili hiyo. Tarehe ya utendaji haina budi kuandikwa na mtafiti mwenyewe.

Pili ni tahajia ya majina ya mahali. Mji uleule huandikwa Garba Tulla na Garbatulla. Oldonyiro huandikwa pia Ol Donyiro. Kwa msomaji hiyo ni tofauti ndogo. Kwa kompyuta hiyo ni miji minne. Achaguliwe mmoja katika kila jozi, na chaguo hilo liandikwe katika hati ya mwongozo wa mradi.

Tatu ni jambo linalogusa sarufi yetu moja kwa moja. Utafutaji wa Windows kwa kawaida hulinganisha mianzo ya maneno. Utaratibu huo unazifaa lugha zinazoongeza viambishi vyao mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayetafuta "wimbo" hapati "nyimbo", na anayetafuta "kitendawili" hapati "vitendawili". Suluhisho ni mawili. La kwanza ni kutumia alama ya nyota, ambayo husimama badala ya herufi zozote: ukiandika *tendawili utapata umoja na wingi kwa pamoja. La pili, ambalo ni bora, ni kukubaliana kwamba majina ya faili yataandikwa kwa umoja daima. Watunga kamusi za Kiswahili walikabiliana na swali lilo hilo zamani, wakaamua nomino ziorodheshwe kwa umoja. Nani, basi, aliye tayari zaidi kuufundisha ustadi huu kuliko mwalimu wa leksikografia?

Nne ni alama. Windows haikubali nukta mbili, mkwaju, alama ya kuuliza wala alama za kunukuu mbilimbili katika jina la faili, hivyo saa haiwezi kuandikwa kwa nukta mbili. Ritifaa ya "ng'ombe" hukubaliwa, lakini ina mtego: Word huigeuza ikawa ya kupinda, ilhali kibodi huandika iliyonyooka, na mashine huweza kuziona kuwa herufi mbili tofauti. Si dhambi kuandika "ngombe" katika jina la faili, mradi tahajia sahihi ibaki ndani ya hati.

Zana zilizolala

Mbali na makabrasha na majina, kisimamizi cha faili kina zana nyingine ambazo wengi hawajazigusa. Zinafaa kutajwa kwa ufupi.

Kitufe cha Windows pamoja na E hufungua kisimamizi papo hapo. Kitufe cha F2 hubadili jina la faili iliyochaguliwa. Ukibonyeza Tab badala ya Enter, unapelekwa kwenye faili inayofuata, hivyo rekodi thelathini hupewa majina kwa muda mfupi bila kugusa kipanya. Ukichagua faili nyingi kwa pamoja kisha ukabonyeza F2, zote hupata jina moja na namba mfululizo. Ukikosea, Ctrl na Z hurejesha jina la awali. Alt na P hufungua kidirisha cha kuchungulia, ambamo picha nyingi na hati huonekana bila kufunguliwa. Mwonekano wa maelezo huonyesha safu za ukubwa, aina na hata urefu wa sauti kwa dakika. Ukibofya kichwa cha safu, faili hujipanga kwa kigezo hicho. Toleo la Windows 11 lilipata vichupo mwaka 2022, kwa hiyo kabrasha la rekodi na kabrasha la tafsiri huweza kukaa katika dirisha moja.

Zana mbili zinastahili mkazo kwa wanaotumia saiba. Ya kwanza ni kuonyesha viendelezi vya majina, yaani zile herufi za mwisho kama docx, m4a au exe. Faili inayojidai kuwa picha ilhali mwisho wake ni exe ni programu, na huenda ikawa ya uharibifu. Ya pili ni kuonyesha vitu vilivyofichwa. Kuna virusi vya flashi ambavyo huyaficha makabrasha halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani kazi yake imefutwa, akaiunda upya flashi, na hapo ndipo anapoifuta kweli. Angaliamuru kisimamizi cha faili kionyeshe vilivyofichwa, pamoja na faili za mfumo zilizolindwa, angaliviona vyote vikiwa salama, akavinakili mahali pengine baada ya kuisafisha flashi kwa programu ya kuzuia virusi. Na ajue pia kwamba faili inayofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida haiendi katika pipa la taka. Imekwenda moja kwa moja.

Akiba ya ukame

Waborana wa Isiolo wana utaratibu wa kimila wa kusimamia malisho unaoitwa dedha. Chini ya wazee, ardhi hugawanywa katika malisho ya mvua, malisho ya kiangazi na malisho ya akiba yasiyoguswa ila ukame ukizidi. Anayeingiza mifugo katika akiba wakati wa neema huonwa kuwa adui wa kesho.

Utaratibu huo una somo la wazi kwa mtafiti. Kazi inayoendelea ni malisho ya mvua: huguswa kila siku. Kazi iliyokamilika ni malisho ya kiangazi: hutembelewa kwa haja. Rekodi asilia ni akiba ya ukame: hainyofolewi, haihaririwi, haibadilishwi. Anayetaka kupunguza kelele au kukata kipande afanye hivyo kwenye nakala. Tena akiba hiyo isikae mahali pamoja. Nakala moja iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje au flashi, na ya tatu katika mji mwingine au katika hifadhi ya mtandaoni.

Nakala isiyokaguliwa nayo si nakala. Baada ya kunakili, chagua kabrasha asilia, bonyeza Alt na Enter, usome idadi ya faili na ukubwa wake kwa baiti. Fanya vivyo hivyo kwa nakala. Hesabu zikilingana, kuna matumaini mema. Fungua rekodi mbili tatu uzisikilize ili kuhakikisha. Zisipolingana, kuna sauti iliyobaki njiani. Ukaguzi huu hauchukui dakika tano, na ndio unaotenganisha tumaini na uhakika.

Hoja za wapinzani

Wako watakaosema kwamba zama za makabrasha zimepita, kwa kuwa hifadhi za mtandaoni hutafuta kila kitu zenyewe. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu aliyeketi mahali penye intaneti imara. Anayerekodi katika vijiji vya mbali na mji, ambako hata mawimbi ya simu hukatikakatika, hawezi kupandisha saa sita za sauti kila jioni. Zaidi ya hayo, hifadhi ya mtandaoni hurithi majina yale yale. Vurugu ikipandishwa mtandaoni hubaki vurugu.

Wengine watasema kwamba programu hizi ni za Kiingereza na hivyo zinamtenga mtumiaji wa Kiswahili. Lalamiko hili lina ukweli, lakini lisigeuzwe kisingizio. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows baadaye katika mwongo huo. Istilahi kama faili, kabrasha, kitufe na kipanya zipo. Zinachokosa ni watumiaji. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa kazini, si kwa kuorodheshwa tu.

Kundi la tatu litasema kwamba mambo haya ni ya ukarani, hayamstahili msomi. Hao na wakumbushwe jinsi tungo za Muyaka bin Haji zilivyotufikia. Mshairi huyo wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Baadaye katika karne hiyo, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alisaidiana na W. E. Taylor kuzikusanya tungo zake pamoja na maelezo ya mambo yaliyozizaa, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani yake. Bila maelezo yale, mengi katika tungo hizo yangalikuwa mafumbo yasiyofumbulika kwetu leo. Kazi ya Mwalimu Sikujua ilikuwa ndiyo hii inayoitwa ya ukarani: kuandika kando ya utungo kwamba ulitungwa lini, kwa nani na kwa nini. Asiyeweza kuifanya kwa rekodi za Isiolo asidai kuwa mrithi wake.

Amana ya watu

Liko pia suala la maadili. Sauti ya mtu si mali ya mtafiti peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya inampa kila mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha. Ndiyo maana mfano uliotolewa hapo juu una msimbo M03 badala ya jina la mtendaji. Orodha inayoeleza M03 ni nani ikae katika hati tofauti, yenye nywila, mbali na rekodi. Na anayefungua rekodi zake katika saiba ahakikishe hajaacha nakala katika kabrasha la vilivyopakuliwa wala katika pipa la taka. Mzee wa Merti alimwamini mtafiti. Hakumwamini kila atakayeketi kwenye kompyuta ile baada yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kisimamizi cha faili, programu inayodharauliwa kwa kuwa ni ya kawaida mno, ndicho kinachoamua kama utafiti wa nyanjani utaishi au utakufa. Kutokana na hoja zilizotolewa, mapendekezo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, somo la mbinu za utafiti katika idara za Kiswahili lihusishe mazoezi ya kupanga na kutaja faili kabla mwanafunzi hajaenda nyanjani. Pili, msimamizi akague makabrasha ya mwanafunzi kama anavyokagua sura za tasnifu. Tatu, chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika kila chuo kiandae mwongozo mmoja wa majina, kwa Kiswahili, ili rekodi za vyuo mbalimbali ziweze siku moja kukaa pamoja.

Kipimo cha yote haya ni chepesi. Mkabidhi mwenzako diski yako, ondoka, na umwache atafute wimbo mmoja uliorekodiwa mahali fulani siku fulani, pamoja na maelezo ya aliyeuimba. Akiupata bila kukupigia simu, utafiti wako una daftari. Asipoupata, basi wazee wa Isiolo waliimba, lakini hapakuwa na aliyewasikia.